Karatasi ya friji bado inasema mama asile samaki

Dada mshauri, shikamoo.

Mimi ni mama wa miaka 31, naishi Tanga na mume wangu, mama yake mzazi, mtoto wetu wa miezi tisa na binti wa wifi yangu wa miaka 15 anayesoma hapa mjini. Mpishi wa nyumba hii ni mimi. Nikisema kupika, usifikirie sufuria moja na mboga ya pembeni. Kuna chakula cha mama, uji wa mtoto, chakula chetu sisi, na yule binti hili hataki, lile hataki. Jiko la mkaa ni moja.

Mama mkwe ana sukari ya miaka mingi na presha. Mwezi wa nne alilazwa amevimba miguu na uso, tukaambiwa figo zimechoka. Siku ya kuruhusiwa nikapewa karatasi ya mlo: asile nyama, samaki, mayai, maziwa, maharage, mboga za majani, matunda wala chumvi. Nikaibandika kwenye friji na nimeifuata kama dawa. Mwezi wa nane hali ikazidi, akaanza kusafishwa damu. Inatakiwa mara tatu kwa wiki, lakini uwezo wetu ni Jumatatu na Alhamisi.

Dada, mama amekwisha. Bangili zake zinateleza mpaka kwenye kiwiko. Kutwa ni ugali na kabichi ya kuchemsha. Juzi alisukuma sahani akaniambia, "Mkaza mwana, hata mfungwa hupewa maharage." Nililia jikoni. Halafu Alhamisi, nikiwa kwenye benchi namsimulia mwenzangu, nesi wa chumba cha mashine akadakia: "Huyu anatakiwa samaki na mayai kila siku." Nikabaki mdomo wazi. Nimfuate nani?

Mawifi zangu wakija Jumapili wanakuja na madafu, eti yanasafisha figo, na juisi ya birimbi ya kushusha presha, na unga wa mlonge. Nikizuia, naonekana namnyima mama yao. Na wiki iliyopita usiku mama alitoka jasho, akatetemeka, akawa anaongea maneno yasiyoeleweka. Nikampa glasi ya juisi ya machungwa akarudi sawa, ila shemeji yangu kanigombeza kwamba machungwa ni sumu kwake.

Mtoto naye namnunulia unga wa lishe wa mchanganyiko wa vitu kumi na mbili, lakini kliniki wanasema uzito umesimama miezi miwili. Mimi nanyonyesha, nikiinuka ghafla naona giza. Nimechoka kupika vyungu vinne ambavyo hakuna anayevifurahia.

Mkazamwana, Tanga

*

Marahaba, mdogo wangu. Nianze na la samaki, maana ndilo linalommaliza mama.

Nesi wa mashine yuko sahihi. Na karatasi yako nayo, siku ilipotolewa, ilikuwa na sababu. Shida ni kwamba karatasi ya mlo wa mgonjwa ina muda wake kama cheti cha dawa, na hiyo iliyoko kwenye friji ni ya mwezi wa nne. Wakati ule mama alikuwa hajaanza mashine. Nyama, samaki na mayai vikishatumika mwilini huacha taka iitwayo urea, na kuitoa ni kazi ya figo. Figo zikiwa zimechoka na mashine haijaanza, mgonjwa hupunguziwa protini, mara nyingi mpaka gramu 0.6 hadi 0.8 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Nimesema hupunguziwa. Hata mwezi wa nne alistahili kipande chake.

Mwezi wa nane hesabu iligeuka. Mashine inatoa taka, lakini haichagui: kila akilazwa pale hupoteza pia gramu kadhaa za vile vijenzi vya protini ambavyo mwili ulikuwa unavihitaji. Kwa hiyo mgonjwa wa mashine anatakiwa ale zaidi, gramu 1.0 hadi 1.2 kwa kilo. Kama mama ana kilo 55, hiyo ni gramu 55 hadi 66 kwa siku. Asipozipata kwenye sahani, mwili unazichukua kwenye misuli, ndiyo hizo bangili zinazofika kwenye kiwiko. Na kwa kuwa yeye anakwenda mara mbili badala ya tatu, daktari anaweza kutaka muanzie chini kidogo ya hapo. Vipimo vyake vya damu ndivyo vitakavyoamua, siyo mimi.

Nikuungamie jambo. Nimefanya kazi wodini, na karatasi kama hiyo nimeigawa kwa mikono yangu. Ilikuwa fotokopi ya fotokopi, imepauka mpaka neno "maziwa" lilikuwa linasomeka "mazi". Tulimpa kila aliyeandikiwa figo, awe wa mashine au asiwe, na hakuna aliyekumbuka kumwita ndugu wa mgonjwa baadaye kumwambia, ile itupe, chukua hii. Kwa hiyo usijilaumu. Ulifanya ulichoambiwa, tena kwa uaminifu kuliko sisi tuliokwambia.

Sasa kwa lugha ya jikoni. Yai moja lina gramu 6 hivi za protini. Kipande cha samaki kilichopikwa, ukubwa wa kiganja bila vidole, kina gramu 20 na kidogo. Yai asubuhi, samaki mchana, kuku au samaki tena jioni, na zilizobaki zitatoka kwenye wali, ugali na mkate. Samaki awe mbichi wa sokoni. Ng'onda na papa mkavu wamelala kwenye chumvi, hao hapana. Dagaa wanaliwa na mifupa yao, na mfupa ni fosforasi, ambayo figo mbovu haiitoi na mashine inaitoa kwa shida. Ikijaa mwilini, ngozi inawasha usiku kucha na mifupa inalika. Maziwa na maharage navyo viwe kidogo kwa sababu hiyohiyo. Kama aliandikiwa vidonge vya kufunga fosforasi, avimeze katikati ya chakula. Akivimeza saa mbili baadaye ni kama hakuvimeza.

Najua utaniuliza habari ya dona, maana kliniki ya sukari wamekuwa wakimhubiria dona miaka yote. Dona lina fosforasi na potasiamu (madini mengine ambayo figo mbovu haziyatoi) zaidi ya sembe, ingawa fosforasi ya nafaka hainyonywi yote. Kwa hali ya mama sasa, sembe au wali mweupe wa kipimo kilekile, kiasi cha ngumi yake, si dhambi. Kipimo kisipande ndiyo hoja ya sukari.

Tuje kwa mawifi. Hapa nitasema kwa ukali, na barua hii wasomee.

Maji ya dafu yana takriban miligramu 250 za potasiamu katika kila mililita 100. Dafu lenye mililita 400 ni miligramu 1,000. Wagonjwa wengi wa mashine huwekewa kikomo cha miligramu 2,000 hadi 3,000 kwa siku nzima, chakula chote kikiwemo. Kwa mtu mwenye figo nzima dafu ni kinywaji kizuri, figo zinachukua ziada na kuikojoa. Kwa mama ziada inabaki kwenye damu, na potasiamu ikipanda kupita kiasi inavuruga mapigo ya moyo. Inaweza kuusimamisha. Wakati mwingine kuna dalili, miguu mizito, mwili kulegea, moyo kurukaruka, na wakati mwingine hakuna dalili yoyote. Ukiziona, ni hospitali saa hiyohiyo, msisubiri siku ya mashine.

Angalia kalenda yenu. Kati ya Alhamisi na Jumatatu ni siku tatu nzima bila kusafishwa, ndilo pengo refu kuliko yote, na katikati yake kuna Jumapili ya madafu. Mawifi zako, kwa mapenzi kabisa, wamechagua siku mbaya kuliko zote. Unga wa mlonge nao ni majani yaliyokaushwa, potasiamu yake imekolea.

Birimbi ni habari nyingine, na hapa pwani tunalichukulia kama mchezo. Lina oksaleti nyingi mno, kitu ambacho kinaganda kama chembe za kioo ndani ya figo. Huko Kerala, India, madaktari wameandika juu ya watu ambao figo zao ziliharibika ghafla baada ya kunywa juisi ya birimbi, na baadhi wakahitaji mashine. Ndugu yake, lile tunda ambalo ukilikata linatoa umbo la nyota, limewahi kuwapa wagonjwa wa figo kwikwi isiyokatika, kuchanganyikiwa na hata degedege. Yote mawili yasiingie mdomoni mwake, hata kwenye achari.

Lakini usiwakatalie tu, wape la kuleta. Waambie walete mayai trei moja, au samaki, au tufaha, nanasi kipande, tikiti kipande kidogo. Wifi akija mikono mitupu anaona aibu, na aibu hiyo ndiyo inayobeba madafu.

Kingine: ile chumvi "ya wagonjwa wa presha" inayouzwa madukani, nyingi hutengenezwa kwa potasiamu badala ya sodiamu. Kwa mama ni mbaya kuliko chumvi yenyewe.

Viazi, ndizi za kupika na mihogo si lazima avisahau. Menya, kata vipande vyembamba, chemsha kwenye maji mengi, mwaga, weka maji mengine, chemsha mpaka viive, mwaga tena. Kuloweka peke yake hakutoshi. Potasiamu haiishi, ila inapungua vya kutosha kwa vipande vichache mara moja moja. Mchicha na kisamvu vinakwenda njia hiyohiyo, tena kiasi cha vijiko viwili. Ule mchuzi wa mboga ndiko potasiamu ilikohamia, usimpe ajilambie.

Maji hukuyauliza, ila najua yanawasumbua. Kawaida ni mililita 500 jumlisha mkojo anaoutoa kwa siku. Pima mkojo wa saa 24 kwa chupa. Akitoa mililita 300, anywe 800, na humo mna chai, uji, mchuzi na barafu. Jaza chupa yenye kipimo chake asubuhi. Akinywa kikombe cha chai, mwaga kutoka kwenye chupa kiasi hichohicho. Chupa ikiisha, siku imeisha. Kama kiu inamtesa, tafuta chumvi iko wapi, maana mtu aliyekula chumvi utamgombeza bure. Mara nyingi iko kwenye kile kidonge cha kukolezea supu.

Lile jasho la usiku lilikuwa sukari kushuka. Shemeji yako kakugombeza, ila ulimwokoa, na ningekuwa mimi na machungwa tu jikoni ningefanya vilevile. Kuanzia leo weka sukari kando ya kitanda. Mpe sukari vijiko vidogo vitatu kwenye maji kidogo, subiri dakika 15, pima, kama bado rudia, kisha mpe mkate. Sukari ya kawaida haina potasiamu, ndiyo maana inaishinda juisi. Akiwa hajitambui usimtie kitu mdomoni, mkimbize. Ila swali kubwa ni kwa nini ilishuka. Figo ndizo zinazosaidia kuondoa insulini mwilini. Zikifa, kama mama anachoma insulini, sindano ileile hukaa na kufanya kazi muda mrefu zaidi, na huyu mama chakula kimepungua nusu. Uliza: dozi yake ya insulini mara ya mwisho iliangaliwa lini? Usiipunguze mwenyewe, lakini usiondoke kliniki bila jibu.

Sasa hivyo vyungu vinne.

Pika kimoja, na uitoe chumvi kwenye mwanzo wa kupika, uipeleke mwisho. Chukua samaki wako, tuseme changu. Injika sufuria na kitunguu, kitunguu saumu, tangawizi, bizari, pilipili manga, kijiko cha mafuta, kamulia ndimu. Tia samaki na maji kidogo. Chumvi, nyanya na tui viko mbali kabisa, juu ya kabati. Samaki akiiva, pakua kipande cha mama, bila kumwagia mchuzi mwingi. Pakua cha mtoto, mchambue miiba kwa vidole, siyo kwa macho. Halafu ndipo uteremshe nyanya, tui na chumvi kwa ajili yenu. Binti atasema cha bibi kinanukia vizuri zaidi, na ndimu ndiyo siri, maana ulimi unaonyimwa chumvi hufurahi ukipata uchachu. Mama ale mezani pamoja nanyi, samaki yuleyule. Nadhani aliposema habari ya mfungwa, njaa ilikuwa nusu tu ya maneno yale.

Mtoto. Unga wa vitu kumi na mbili utoe nyumbani. Kadiri karanga, mahindi na mbegu zinavyochanganywa na kusagwa dukani, ndivyo usivyoweza kuona ipi ilikuwa na ukungu, na sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haifi kwa kuchemsha uji. Mwaka 2016 sumukuvu ya mahindi iliua watu Dodoma na Manyara, si hadithi. Nunua unga wa nafaka moja, mahindi au ulezi, kutoka kwa mtu unayemjua, na vingine uvitie wakati wa kupika: yai, samaki aliyepondwa, maziwa kidogo, karanga ulizochambua mwenyewe. Uji ubaki juu ya kijiko ukikiinamisha. Uji wa kunywewa kwenye kikombe unajaza tumbo maji, na hapo ndipo uzito unaposimama. Katika miezi tisa ale mara tatu au nne, kama nusu kikombe kila mara, na kitu cha kutafuna kimoja au viwili katikati, mbali na kunyonya. Ini kidogo mara moja kwa wiki kwa ajili ya damu. Chumvi na sukari hahitaji, na asali ngoja atimize mwaka. Uzito ukisimama mwezi mmoja zaidi, arudi kliniki aangaliwe kama hana kingine, maana uji hautibu minyoo wala mkojo mchafu.

Binti wa miaka 15 anapoteza damu kila mwezi na asubuhi yake huenda ni chai na chapati. Chai inazuia madini ya chuma ya mboga na maharage kunyonywa. Aisogeze saa moja baada ya kula, na chungwa, linalosaidia chuma hicho kunyonywa, alile yeye, bibi hawezi.

Alhamisi hii ing'oe hiyo karatasi uende nayo. Mwombe daktari akuonyeshe afisa lishe, na uulize namba tatu: potasiamu yake, fosforasi yake, na albumini, yaani protini iliyomo kwenye damu. Mwambie pia waziwazi kwamba mnakuja mara mbili kwa sababu ya fedha, na umuulize kuhusu ustawi wa jamii wa hospitali. Wengine wanaona haya kulisema hilo, daktari akadhani mgonjwa ni mzembe.

Na wewe. Umeniandikia chakula cha kila mtu humo ndani, cha kwako hukukitaja. Anayenyonyesha anahitaji kama kalori 500 zaidi kwa siku, yaani sahani ndogo ya ziada, na kizunguzungu hicho kinaweza kuwa upungufu wa damu. Pima damu hapohapo mkienda. Mama akishaunganishwa ana saa nne kwenye mashine, na wewe una saa nne kwenye benchi. Beba kontena lako, lenye samaki mwenye chumvi na tui, ule mpaka ushibe kabla hujaanza kumsimulia mwenzako.